Seremala Aliyerudi Kutoka Bama

Iko ada katika mazishi ya watu wetu, hasa katika nchi ya bara, kwamba kabla ya mwili kuteremshwa kaburini mtu mmoja wa ukoo husimama akasoma wasifu wa marehemu. Husema kuwa marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma mahali fulani, akaoa, akafanya kazi, akastaafu, akaugua, akafariki dunia, na kwamba ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu kadha wa kadha. Kisha karatasi hukunjwa ikatiwa mfukoni, na makoleo huanza kazi yake. Sina ugomvi na ada hii, ambayo ina staha na faraja ndani yake. Walakini kila ninapousikia wasifu ukisomwa juu ya jeneza la mzee aliyekuwa askari ujanani na seremala maisha yake yote, huona kwamba mambo makubwa yamepitishwa mbio: vita hutajwa kwa sentensi moja, ufundi kwa nusu sentensi, na ubabu, ambao ndio uliowaleta wengi wa wale wanaolia pale, hautajwi ila kwa hesabu ya wajukuu. Makala haya yanajaribu kuyarudisha mambo hayo mahali pake, kwa kumfuata mzee wa namna hiyo katika mji mmoja mdogo, Gulwe, bila ya kumpa jina, kwa kuwa maisha yake yalikuwa maisha ya wengi.

Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati katika wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma, mahali ambapo njia ya reli itokayo pwani, baada ya kuambaa na mto Mkondoa kutoka Kilosa na kupenya milima ya Usagara, hutokeza katika nchi kavu ya Ugogo. Wajerumani waliianza reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910. Mto Kinyasungwe, ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, hushuka kwa ghadhabu wakati wa mvua, na mara nyingi umeing'oa reli kati ya Gulwe na Kilosa. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliifunga njia hiyo kwa miezi. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Mpwapwa na kujaza maji vibuyu, kisha ikaingia nyika ya Marenga Mkali. Kwa njia hiyo zilipita bidhaa, dini, lugha na zana, hata leo randa, patasi, keekee, tezo na msumeno ni majina ambayo seremala wa Gulwe na seremala wa Lamu huyatamka sawasawa.

Mzee wetu, tuseme, alizaliwa karibu na mwaka 1920, na hiyo ni kusema kwamba alizaliwa na wazazi walionusurika. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza na Makaburu yalipita katika nchi ya Mpwapwa yakiwafukuza Wajerumani kuelekea Kilosa, na pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana baadaye, ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ya kutoka mwaka 1917 hata 1920, iliyoua watu wanaokadiriwa kufika 30,000 katika nchi ile. Mtoto aliyekuwa akinyonya wakati huo alikua akisikia vita ikisimuliwa kwa habari za njaa, si za ushujaa, na nadhani hilo lilimfunga kinywa baadaye, zamu yake ilipofika.

Zamu hiyo ilifika mwaka 1939 na miaka iliyofuata. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumikia katika majeshi ya Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Wengine walijiandikisha kwa hiari yao, wengine walipelekwa na majumbe, na wengine walikwenda kwa kuwa kodi ilikuwa ikidaiwa na ghala la nyumbani lilikuwa tupu. Watu waliiita kazi hiyo Keya, kwa herufi za jina la jeshi lenyewe, King's African Rifles. Askari wa Afrika Mashariki walipigana na Waitaliano katika nchi ya Uhabeshi mwaka 1941, wakavuka bahari kwenda Bukini mwaka 1942, kisha Seilani, na mwaka 1944 wakaingizwa Bama, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake batalioni za 26 na 36 zilikuwa za Watanganyika, iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za pepo za kusi, kwenye matope yaliyomeza magari, kwenye malaria na ruba. Hata safari ya kwenda huko ilikuwa mauti kwa wengine: tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani ikazama kwa dakika chache pamoja na watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Watu wa mji wanawajua baadhi ya askari wa Bama. Abdulwahid na Ally Sykes wa Dar es Salaam, waliokuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954, walipita huko. Na Shaaban Robert aliiandikia vita ile utenzi mrefu, uliochapishwa mwaka 1967. Lakini mtu wa Gulwe hakurudi na chama wala utenzi. Alirudi na ufundi.

Jeshi linalosafiri ni mji mzima unaohama, na mji hauwezi kuishi kwa bunduki peke yake. Lilihitaji madereva, makarani, wapishi, wauguzi, waashi na maseremala, na kwa kuwa halikuwa na muda wa kungoja shule, liliwafundisha watu kazi hizo mle mle. Kijana ambaye nyumbani alikuwa amechonga mzinga wa nyuki na kigoda kwa tezo, alijikuta akitiwa mkononi randa ya chuma na rula yenye inchi, akaambiwa atengeneze makasha, vitanda vya hospitali, ngazi, milango ya maghala, nguzo za madaraja na, mara nyingi kuliko alivyopenda, misalaba na vibao vya makaburi. Mwezi wa Desemba 1944, huko Kalewa, jeshi lilitandaza juu ya mto Chindwin daraja la chuma la Bailey lenye urefu wa futi 1,154, ambalo kwa wakati ule lilikuwa refu kuliko yote ya namna yake duniani; na katika misitu ile ile tembo waliofugwa walikuwa wakiburuta magogo ya msaji kwa ajili ya madaraja madogo yasiyoandikwa katika vitabu. Siwezi kuamini kwamba seremala alipita katikati ya misaji ya Bama bila ya kusimama akagusa gome. Mti huo ulikuwa umekwisha kupandwa na Wajerumani hapa kwetu kabla ya mwaka 1914, na leo mashamba ya serikali ya Mtibwa na Longuza ni misitu ya msaji. Lakini kijana wa Ugogo, nchi ya migunga na mibuyu, aliuona kwanza katika nchi ya kigeni, mvua ikimnyeshea, na adui akiwa ng'ambo ya mto.

Vita vilipokwisha walirudishwa kwa meli na kwa gari moshi, wakapewa nguo, cheti na kiinua mgongo. Kuhusu kiinua mgongo hicho lazima niseme neno, kwa kuwa ni dhuluma na haifai kufunikwa na adabu ya msiba. Nyaraka za Uingereza zilizotangazwa na Al Jazeera mwaka 2019 zilionyesha kwamba malipo ya kuagwa yalihesabiwa kwa cheo na kwa rangi ya ngozi pia, na kwamba askari Mwafrika alipewa karibu theluthi moja ya kile alichopewa Mzungu wa cheo kile kile aliyeishi katika makoloni haya haya. Walipigwa na mvua moja na kuugua homa moja, wakalipwa kwa daftari mbili. Wazee walilijua jambo hilo zamani, kwa kuwa kambini mishahara haifichiki, na wengi walikufa kabla ya mtu yeyote kuwaomba radhi.

Fedha kidogo ile, hata hivyo, ilitosha kununua msumeno, randa na patasi mbili tatu. Na kazi haikuwa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Kongwa, jirani na Mpwapwa, mpango mkubwa wa kulima karanga, ambao ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Afrika Mashariki na ya Kati. Tawi la reli lilijengwa kutoka Msagali, stesheni inayofuata baada ya Gulwe kwa mtu aendaye Dodoma, na watu waliotoka vitani wakaviona vifaru vya Sherman kwa mara ya pili, sasa vimegeuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Ardhi ya Kongwa ilikataa. Udongo ulikauka ukawa mgumu mno, ukazila meno mashine za kulimia, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mpango ulivunjwa baada ya kumeza karibu pauni milioni 36. Tawi la reli nalo likang'olewa. Lakini kwa miaka ile michache palitakiwa nyumba, madirisha, vitanda, meza na makabati ya maelfu ya watu, na seremala aliyefundishwa na jeshi hakulala njaa. Watu huisimulia Kongwa kuwa ni hasara tupu, nami sikatai. Ila ziko karakana katika wilaya ile ambazo mtaji wake ulitoka kwenye hasara hiyo.

Karakana ya mzee kama huyu aghalabu haina kuta. Ni kivuli cha mkwaju, meza nzito yenye jiriwa pembeni, na rundo la mbao za mninga zilizopangwa juu ya vijiti ili hewa ipite katikati, zikingoja miezi kadha. Ubao ulioharakishwa juani hupinda, na mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi hupendeza siku ya kutiwa, kisha huachia mianya kiangazi na kukwama wakati wa mvua. Anapoanza kazi huuinua ubao hata usawa wa shavu, akafumba jicho moja akautazama kwa urefu wake wote kama mtu alengaye shabaha. Huupiga randa mpaka maranda yatoke membamba, marefu, yanayojikunja yenyewe na kunukia. Hupima pembe kwa guni, akachora mstari kwa penseli iliyokuwa imechomekwa sikioni. Tundu hulichimba kwa patasi kutoka pande mbili, lisichanike upande wa pili. Ulimi huukata kwa msumeno, akiuacha mnene kidogo kuliko mstari. Halafu huvikutanisha. Ulimi unaoingia kwa kusukumwa na kiganja tu utalegea kabla ya mwaka kwisha. Unaodai nyundo nzito utalipasua tundu. Utakiwao ni ule unaoingia kwa kugongwa na kipande cha mti mara mbili tatu, ukakaa. Msumari hautiwi, wala hauhitajiwi. Jioni akina mama huja kuyazoa maranda kwa kuwashia moto, na hapo ndipo habari zote za mji husikika.

Mlango wa fremu na mabawa ulikuwa jambo geni katika nchi ya tembe, nyumba ile ya Kigogo ya miti na udongo yenye paa la udongo lililotandazwa bapa. Ulienea sana mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Operesheni Dodoma ilipowahamisha watu kutoka katika matembe yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Wengi walihama kwa huzuni, na wengine kwa kulazimishwa, na sifa za siasa ile si kazi yangu kuzipima hapa. Seremala alipima vizingiti. Kisha ikaja elimu ya msingi kwa wote, katika mwaka 1977, na madarasa yakajaa watoto wanaokaa chini, akaitwa kutengeneza madawati. Mtu aliyesoma Gulwe, Mpwapwa au Godegode katika miaka ile huenda alijifunza kuandika juu ya ubao uliopigwa randa na mkono uliojifunza kazi Bama, na hakuna aliyemwambia.

Tena iko kazi ambayo haina bei. Akifiwa jirani Mkristo usiku, seremala huamshwa, akawasha kandili akatengeneza jeneza. Akifiwa jirani Mwislamu, hukata viunza vya kufunikia mwanandani, vyembamba, vilivyonyooka, vya urefu wa mtu aliyemjua kwa jina na labda aliyemdai fedha. Aghalabu hataki ujira. Katika mji mdogo, seremala ndiye mtu pekee anayempima kila mmoja mara mbili, kwa kitanda cha harusi na kwa mbao za kaburi.

Na nyumbani alikuwa babu. Katika watu wetu wengi babu na mjukuu ni watani: babu humwita mjukuu wa kike mke wake na humwambia mjukuu wa kiume kwamba ni mpinzani wake, na mtoto ambaye hathubutu kumkaribia baba yake hupanda mgongoni mwa babu akamvuta ndevu. Utani huo si mchezo mtupu. Ndiyo mlango ambao maarifa hupitia pasipo fimbo. Mwanawe wa kuzaa alimfundisha kazi kwa ukali, kama alivyofundishwa yeye jeshini. Mjukuu alimpa kipande cha ubao kilichobaki na nyundo ndogo, akamwacha aharibu. Kigoda cha kwanza cha mtoto huyo kilipoyumba, alikikalia hivyo hivyo mbele ya wageni. Nimewaona watu wazima, wenye kazi kubwa mijini, ambao hawakumbuki neno moja la nasaha za baba zao, na wanakumbuka namna babu alivyowashika kifundo cha mkono kuwaonyesha jinsi ya kuiacha randa iende bila ya kuibana.

Wajukuu hao walimwuliza juu ya vita, kama wajukuu wote. Wazee wa Bama kwa kawaida hawakuhadithia mapigano. Walihadithia mvua, ruba waliojaa ndani ya viatu, baridi ya usiku, chakula cha kopo, na rafiki mmoja kutoka Nyasa au Uganda ambaye jina lake waliendelea kulitaja kwa miaka hamsini. Nishani ilikaa ndani ya kopo pamoja na skrubu. Huenda huko ni kusahau, na huenda ni kukumbuka kwa namna ya mtu aliyezaliwa katika mwangwi wa Mtunya.

Lakini watawala hawakuwa na udhuru wa kusahau. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza wakiitumikia Uingereza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwao wamo wapagazi wa nchi hii. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni nzuri, na kila mpita njia huijua. Lakini sanamu ni ya mtu asiye na jina, na mama aliyempoteza mwanawe alikuwa akimjua kwa jina.

Kizazi cha Bama kimekwisha, au kimebaki na watu wa kuhesabika kwa vidole. Kizazi kilichofuata bado tunacho. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita mwanzoni mwa Novemba, na wanajeshi, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa na mgambo wa vijiji wakapelekwa kaskazini kwa malori na kwa gari moshi. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na vita vikaisha mwanzoni mwa Juni. Waliokufa wengi wamelala Kaboya, mkoani Kagera. Waliorudi walirudi mashambani, na wengine, kwa kuwa Jeshi la Kujenga Taifa tangu kuanzishwa kwake mwaka 1963 limewafundisha vijana kazi za mikono, walirudi kwenye useremala. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa amekwisha kupita sitini na tano. Ni babu. Mninga umekuwa adimu na ghali, milango ya chuma imejaa mitaani, makochi huja yametengenezwa tayari, na treni ya umeme ya reli mpya, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, inakwenda kwa mwendo ambao haumruhusu abiria kuona mtu aliyeinama mezani chini ya mti.

Wajukuu wa wazee hawa wana simu zenye kurekodi sauti mifukoni, na hawahitaji kungoja mwanahistoria kutoka chuo kikuu. Cheti cha jeshi kipigwe picha kabla ya mchwa kukifikia, namba ya utumishi na jina la kikosi viandikwe, zana zisigawanywe na kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu siku ya kuanua matanga. Na mzee mwenyewe aulizwe wakati wa jioni, akiwa na kazi nyepesi mkononi, kwa kuwa fundi husema vizuri zaidi mikono ikiwa na shughuli: alipandia gari moshi stesheni gani, nani alikuwa kitanda cha pili kambini, ni nani aliyemtia randa mkononi mara ya kwanza, na milango yake iko katika nyumba zipi.